Kiti cha Unyoya

Krii, kraa. Krii, kraa.

Anselmo Phipps alifumbua macho gizani akasikiliza. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika bado. Sauti ilitoka barazani, sauti ya mbao mpya ikibeba mwili wa mtu, ikienda mbele na kurudi nyuma bila haraka. Usingizi ulimruka pale pale. Barazani kulikuwa na kiti kimoja tu cha mbao mpya, na hicho hakikutakiwa kukaliwa na mtu yeyote mpaka mchana.

Alitoka na fulana ya kulalia, miguu mitupu. Mama yake alikuwa ndani ya kiti, shali mabegani, akijisukuma kwa ncha ya kidole gumba kwa sababu miguu yake haikufika sakafuni vizuri. Jina lake Fredesvinda, lakini kwa heshima mji mzima unamwita Donya Vinda.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimekaa. Huoni?"

"Hicho kiti ni changu."

"Najua. Ndiyo maana nimekikalia mimi, usije ukakikalia wewe."

Amekaa tangu saa ngapi, hakusema. Kahawa ilikuwa imekwisha kuchemka jikoni, na kikombe cha Anselmo kilifunikwa kwa kisahani ili kisipoe.

Kwetu, mji wa miwa na besiboli, hakuna asiyejua maana ya kiti cha kubembea chenye nembo ya mwari, ndege mwenye mdomo kama mfuko. Klabu ya Wari ikimwona mchezaji amechoka, humchongea kiti cha mahogani, humwita katikati ya uwanja mbele ya watu, humketisha, na watu humpigia makofi. Hapo ndipo mwisho wake. Husemi tena kwamba fulani anacheza. Unasema fulani amekalishwa. Ukipita mitaani jioni utawaona kwenye baraza zao, wanaume waliokuwa wakikimbia kama paa, wanabembea na kutazama barabara. Na aliyekaa amekaa. Mmoja wao aliwahi kuitwa arudi mwaka uliofuata, timu imejaa majeruhi, lakini mashabiki wenyewe ndio waliokataa. "Huyo si alishakalishwa?" walisema. Basi akarudi kitini.

Kiti cha Anselmo kililetwa Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mchezo wa mwisho wa msimu. Viongozi waliogopa asije akatoroka sherehe, wakaona wakikitanguliza nyumbani atakizoea. Hawakumuuliza kama anataka kustaafu. Lakini kosa lao kubwa halikuwa hilo. Kosa lao kubwa lilikuwa kukilaza kiti nyumba moja na Donya Vinda.

Anselmo aliketi kwenye ngazi, kikombe mikononi. "Nina miaka thelathini na saba, Mama. Labda wana haki."

"Haki gani? Mpira unakupita?"

"Haunipiti."

"Miguu inauma?"

"Inauma, lakini inakwenda."

"Basi anayetaka kukaa na akae. Mimi mzee, kiti kinanifaa. Kunywa kahawa yako."

Alikunywa. Mkewe, Nereida, ambaye hufanya kazi kwenye hoteli za pwani na kurudi nyumbani siku zake za mapumziko, alikuwa amempigia simu usiku akamwambia maneno machache tu: "Ukitaka kuacha, acha. Lakini uache wewe." Maneno hayo yalimkaa kifuani kama joto la kahawa.

Anselmo alikuwa shotistopu. Ni yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpiga gongo hupenda kuupitisha mpira mkali unaoruka chini chini. Wenyewe hupaita pengoni. Pengoni hakuna mtu wa kumsaidia. Mpira ukimpita shotistopu, umepita.

Kudaka alizaliwa nako. Glavu yake ya kwanza ilikuwa paketi ya maziwa iliyokunjwa, mama yake akaishona kingo zisimkate. Mpira ulikuwa soksi iliyojazwa matambara. Uwanja wao ulikuwa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba za wakata miwa, umejaa vijiwe, na mpira ukidunda hujui utaruka upande gani. Basi mtoto yule alijifunza kuutazama mpira mpaka unaingia mkononi, na mikono yake ikawa myepesi hata watu wazima walisimama na baiskeli zao kumtazama.

Kupiga, hapana. Kwenye kupiga Mungu alikuwa amemaliza mgao. Alisimama vizuri, akashika gongo vizuri, akatazama vizuri, na mpira ukapita. Akiupata, ulianguka karibu, kama kitu kilichochoka.

Kwa mikono hiyo alichukuliwa Marekani akiwa kijana mdogo. Alikaa miaka mingi katika ligi za chini, kwenye miji midogo ya baridi, akila kuku kila siku kwa sababu ndilo neno alilojua kuliagiza. Mjane mmoja aliyempangisha chumba, Bibi Lindqvist, alimwona akitetemeka kwenye kituo cha basi, akarudi ndani bila kusema kitu, akamletea koti la marehemu mumewe. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko. Mpaka leo koti hilo limetundikwa kabatini, katika mji ambao hakuna anayejua baridi ni nini, na Anselmo halitoi. Baadaye akapandishwa ligi kubwa yenyewe, akacheza huko msimu mmoja na nusu. Mikono ilimpandisha, gongo likamshusha.

Aliporudi kuwachezea Wari, mtangazaji mmoja wa redio alipiga kelele hewani: "Gongo la Phipps ni unyoya, jamani! Ni unyoya!" Kesho yake mashabiki walikuja na manyoya ya kuku. Kila Anselmo alipokwenda kupiga, waliyapuliza hewani wakiimba, "Unyoya! Unyoya!" Watu wengine wangelia. Yeye alikwenda kwa fundi viatu, akamwomba amchoree unyoya mwekundu mgongoni mwa glavu yake. Kuanzia siku hiyo jina likawa lake, na aliyetaka kumtukana nalo alikuta limeshachukuliwa.

Mara moja tu maishani mwake alipiga mpira ukavuka ukuta. Watu walisimama, hawaamini. Kabla mchezo haujafika nusu ikashuka mvua, mchezo ukafutwa, na kila kilichofanyika kikafutwa nao, ndivyo sheria ilivyo. Ukiwauliza wenye hesabu, watakuambia Unyoya hajawahi kuuvusha mpira ukuta. Ukimuuliza Donya Vinda atakuambia, "Mvua haikufuta kitu. Mimi niliuona. Uliangukia kwenye mti wa korosho wa yule mwenye duka la viatu."

Saa saba mchana gari la wazi la klabu lilisimama mlangoni. Don Plinio, katibu wa klabu, alishuka na vijana wawili wa kubeba. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambaa cha kufutia jasho kila wakati, na kazi zote za aibu za klabu alitumwa yeye.

"Habari za mchana, Donya Vinda. Tumefuata kiti."

"Karibuni. Hiki hapa."

Krii, kraa.

Don Plinio alingoja. Vijana walingoja. Donya Vinda aliendelea kubembea akitazama barabara kama wote wale walivyo kwenye baraza zao.

"Donya, sasa... ukinyanyuka kidogo..."

"Magoti."

"Tukusaidie?"

"Ukinishika nitapiga yowe, na unawajua majirani zangu."

Majirani walikuwa wamekwisha kutoka. Muuza yanikeke wa pale kona aliacha mafuta yake yanachemka akaja na kipande cha ule mkate wa kukaanga mkononi. "Don Plinio, mwache bibi wa watu! Unataka kumkalisha mtoto au kumsimamisha mama?"

Don Plinio alijifuta uso. Alimtazama Anselmo, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi akizifunga upya kamba za glavu yake.

"Kaka, niambie nifanye nini. Wananingoja pale na bendi."

"Mimi sijui. Kiti mmekileta ninyi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Donya Vinda aliomba mwavuli wake na viatu vyake vya kanisani. Vijana walimnyanyua yeye na kiti chake pamoja, taratibu, mmoja akimwambia, "Shika hapa bibi, usiogope," wakamweka nyuma ya gari. Don Plinio mwenyewe alikifunga kiti kwa kamba pande zote, akavua koti lake akaliweka mgongoni mwa mama mzee ili mbao zisimuumize gari likiruka. Halafu wakaenda. Mjini kote watu walitoka kuangalia. Wengine walidhani ni sanamu ya mtakatifu inatembezwa, wakapiga ishara ya msalaba.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wari wenyewe msimu wao ulikuwa umekwisha kufa, hawakuwa wanakwenda popote. Lakini wageni wao siku hiyo walikuwa Farasi, timu ya mji mkuu, na Farasi wakifungwa walikuwa wanatoka mashindanoni. Kwetu hakuna furaha inayolingana na hiyo.

Bendi ilipiga. Kiti kilibebwa mpaka katikati ya uwanja, na Donya Vinda ndani yake, mwavuli juu. Mtangazaji alikohoa kwenye kipaza sauti. Hakuwa ameambiwa aseme nini ikitokea hivi, kwa hiyo alisoma kama alivyokuwa amepangiwa.

"Na sasa, ndugu mashabiki, mlinzi wetu wa pengo kwa miaka mingi, Anselmo Phipps, atakalia kiti chake cha heshima!"

Anselmo alitembea kutoka benchi. Alikuwa na nguo zake za mchezo, na glavu mkononi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya siku ya kukalishwa. Alisimama mbele ya kiti.

"Mama, kutoka hapo unaona vizuri?"

"Naona vizuri sana."

"Jua?"

"Nina mwavuli. Nenda kacheze."

Rais wa klabu, akitabasamu kwa meno tu, alimsogelea na kumnong'oneza, "Mnyanyue mama yako, tumalize." Anselmo aliunyoosha mkono akachukua kipaza sauti. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kwa sababu mtu aliyezoea kunyamaza pengoni hajui kusema mbele ya watu.

"Nashukuru kwa kiti. Ni kizuri, na mama yangu amekipenda. Lakini mimi sijastaafu. Klabu ikinichoka, iniache, hiyo ni haki yake. Kuniacha ni kwao. Kustaafu ni kwangu, na mimi sijasema."

Akamrudishia rais kipaza sauti. Halafu muuza yanikeke, aliyekuwa amefika na karai lake, akaangua kicheko kikubwa, na kicheko kikapanda ngazi mpaka juu, na manyoya ya kuku yakaanza kuruka kila upande. "Unyoya! Unyoya!" Haikujulikana kama wanamcheka au wanamshangilia. Pengine wenyewe hawakujua. Kiti kilisogezwa kando ya uzio, karibu na benchi, kwa kuwa hakikuwa na pa kwenda.

Kocha wa Wari, Evaristo Lantigua, alimpokea benchini uso umekunjamana. Walikuwa wamecheza pamoja ujanani, Evaristo kituo cha pili, Anselmo pengoni, wakipeana mpira bila kutazamana.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Anselmo."

"Si wewe niliyekulenga."

"Jina lililoandikwa pengoni leo ni la Yeral. Kaa pale mwisho. Na usiniombe kitu."

Yeral Guridi ndiye kijana aliyepangwa kuchukua pengo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mabega kama mlango, na mpira akiupiga unaondoka kama umefukuzwa. Anselmo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulainisha glavu kwa mafuta kidogo kidogo, na mara nyingine, alipojua kijana hajala, alimpitisha nyumbani kwa Donya Vinda bila kumwuliza kama ana njaa.

Mchezo ulikwenda. Yeral alipiga mmoja ukavuka ukuta, na Wari wakawa mbele, tatu kwa mbili. Lakini pengoni alikuwa na shida. Mpira mmoja ulimdunda kifuani. Mwingine ulimpita katikati ya miguu, na ni bahati tu mtu wa nyuma aliuokota. Kila mpira ulipokwenda kwake, uwanja mzima ulivuta pumzi. Mpaka kipindi cha saba kinakwisha kijana alikuwa amekauka midomo.

Wakati Wari wanarudi kujipanga kwa kipindi cha nane, Yeral hakutoka benchi. Alikwenda akasimama mbele ya kocha.

"Mwalimu, mweke Unyoya pengoni. Mimi nihamishie kituo cha tatu."

"Nenda kwenye nafasi yako."

"Mwalimu, mimi napiga. Yeye anadaka. Leo tunataka kudaka."

"Unajua watasema nini? Watasema umemwogopa mzee."

"Waseme. Mimi nimekula kwao."

Evaristo alimtazama kijana, kisha akatazama kando ya uzio, pale ambapo kiti kilikuwa kinabembea. Krii, kraa. Akatembea mpaka mwisho wa benchi, alikokaa Anselmo. Alisema kwa sauti ya chini, na Anselmo peke yake ndiye aliyesikia.

"Mimi waliniambia kaa, nikakaa. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, bega linauma. Bega likapona mwezi uliofuata, Anselmo. Mwezi uliofuata tu. Kiti kiko barazani kwangu, na kila asubuhi nakipita nikijifanya sikioni." Alivuta pua. "Toka. Nenda pengoni kabla sijabadili nia."

Anselmo alipokanyaga ule udongo, aliinama kama kawaida yake, akaokota kijiwe kimoja, akakitupa nje. Magoti yalilia. Aliyaacha yalie.

Kipindi cha nane mpira haukumfikia hata mara moja. Halafu ikaja zamu ya Wari kupiga, na yeye mmojawapo. Manyoya yakajaa hewani. Mtu mmoja wa jukwaa la karibu, shabiki wa Farasi, akamgeukia Donya Vinda.

"Bibi! Mtoto wako hapigi!"

"Hapigi, lakini anadaka! Wewe maishani mwako umedaka nini, zaidi ya mafua?"

Watu walicheka mpaka mwamuzi akageuka. Anselmo pia alicheka, akiwa na gongo begani, na akicheka hivyo hivyo akakosa mara ya kwanza, akakosa ya pili, ya tatu akaugusa mpira ukaruka nyuma, ya nne akakosa kabisa. Alirudi benchini kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, kichwa juu. Hakuna aliyeshangaa, na yeye hakuomba radhi kwa mtu.

Kipindi cha tisa Farasi walikuwa na nafasi yao ya mwisho. Wawili wao walikwisha kutolewa. Akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Lakini walikuwa na mkimbiaji kituo cha tatu na mwingine kituo cha pili. Mpira mmoja ukipita, wote wawili wangefika nyumbani, pale anaposimama mpigaji, wakapata pointi mbili, na mambo yangegeuka. Anayepiga alikuwa mtu wao mkubwa, jitu la shingo nene, ambaye msimu mzima alikuwa akivunja mioyo ya watu.

Mrushaji wa Wari alirusha. Jitu lilipiga, mpira ukatoka kama risasi, chini, ukielekea katikati. Anselmo alikuwa amekwisha kuanza kukimbia kushoto kwake mpira ulipopigwa tu, maana aliona mabega ya mpigaji yalivyofunguka. Alikuwa na uhakika nao. Halafu mpira ukampiga mrushaji kwenye muundi, ukageuka, ukaenda upande aliotoka.

Hapa ndipo wengi husimama. Mwili umekwisha kuamua, na mwili ukiamua hausikii. Lakini Anselmo alikulia kwenye uwanja wa vijiwe, ambako mpira haukuwahi kwenda ulikotarajiwa hata siku moja. Alikita mguu, goti likapiga kelele, akajirusha alikotoka. Glavu ilikuwa mkono wa upande mwingine, mbali mno. Akaunyoosha mkono mtupu. Mpira uliingia kiganjani kwa uchungu, na kabla hajafika chini alikuwa amekwisha kuutupa, mwili uko hewani, bila kutazama, kama alivyokuwa akimtupia Evaristo zamani.

Aliangukia kifua. Udongo ulimwingia mdomoni. Hakuona kitu. Alisikia tu, mbali, pale kituo cha kwanza, sauti ndogo ya mpira ukiingia kwenye ngozi ya glavu, halafu mguu wa jitu lile, lililokuwa likikimbilia hapo, ukikanyaga kituo. Kwa mpangilio huo. Sauti kwanza, mguu baadaye.

Mwamuzi aliinua ngumi: ametolewa.

Yeral ndiye aliyefika wa kwanza, akamnyanyua kutoka chini, akampangusa vumbi usoni kwa kiganja kama mtu anavyompangusa mtoto. Mashabiki walikuwa wanarukaruka juu ya viti. Kocha wa Farasi, mzee mwenye masharubu meupe, aliyekuwa ametoka kupoteza msimu wake wote kwa mkono mmoja mtupu, alisimama nje ya benchi lake. Alivua kofia, akaishika kifuani, akaivaa tena, akaenda zake.

Na kando ya uzio, Donya Vinda alikuwa amesimama wima kitini, anashikwa mkono na muuza yanikeke asianguke, magoti na yote.

Jumatatu asubuhi Don Plinio alirudi, peke yake safari hii. Donya Vinda alikuwa kitini barazani, kwa maana vijana walewale walikuwa wamemrudisha jana yake kama walivyompeleka. Anselmo alikuwa nyuma ya nyumba akirusha mpira ukutani na kuudaka, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Alikuja akakaa ngazini.

"Sema, Don Plinio. Usijitese."

Don Plinio alijifuta uso. "Viongozi walikutana jana. Wamesema... klabu haitaendelea na wewe, kaka. Nilisema niliyoweza. Hawakunisikiliza."

"Nakuamini."

"Na wanataka redioni itangazwe kwamba umestaafu kwa heshima."

Anselmo alitikisa kichwa. Hakupandisha sauti. "Nimeachwa. Si vibaya, watu huachwa. Lakini isemwe hivyo hivyo: ameachwa. Neno lile jingine wasilitie mdomoni mwao. Ni langu."

"Mimi ndiye ninayepeleka habari redioni," Don Plinio alisema polepole, akikunja kitambaa chake. "Itasemwa ameachwa. Wakinigombeza, watanigombeza."

Anselmo alimtazama mtu yule mwoga na mpole, akaona ni jambo kubwa kiasi gani amelibeba. "Ahsante, kaka," akasema.

"Utafanya nini sasa?"

"Jana jioni alinipigia simu yule mzee wa masharubu, wa Farasi. Anasema ana vijana wanaopiga mpaka baharini, lakini mpira unawapita miguuni kama vifaranga. Ameniuliza kama magoti yangu yanafika mji mkuu. Nimemwambia yanafika, ila yatalalamika njiani."

Don Plinio alishika kichwa. "Farasi! Mungu wangu. Watu watakupiga mawe hapa."

"Watanipiga manyoya," alisema Anselmo, na alikuwa anatabasamu. "Nimeyazoea."

Kutoka kwenye kiti ikasikika sauti. "Na akija kucheza hapa, mimi nitakaa pale pale kando ya uzio. Na nitamshangilia yeye. Mwambie rais wako."

"Nitamwambia, Donya." Don Plinio alisitasita, akaangalia viatu vyake. "Kuna jambo moja tena. Nilitumwa... Wamesema kwa kuwa hakukaa, kiti ni mali ya klabu. Nikirudishe."

"Kichukue," alisema Donya Vinda.

Krii, kraa. Krii, kraa.

Don Plinio alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu sana, mpaka akalazimika kushika nguzo ya baraza. Alicheka mpaka kitambaa kikawa cha machozi badala ya jasho. Anselmo alileta kahawa, na sahani ya yanikeke aliyoileta muuzaji alfajiri bila kutaka kulipwa. Wote watatu wakala, na habari ya kiti haikutajwa tena.

Alipoinuka kwenda, Donya Vinda alimpa koti lake la jana, limefuliwa na kupigwa pasi, kifungo kilichokuwa kinaning'inia kimeshonwa. Alimshika mkono akakataa kuuachia.

"Uje tena, Don Plinio. Wewe ni mtu mzuri, ila wanakutuma vibaya. Njoo Jumapili, uje na mkeo. Lakini usije na kamba."